Kasha Linang'aa, Ndani Kuna Nini?

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuijua kompyuta wala simu ya mkononi, lakini lau wangefufuka leo na kupita Luthuli Avenue hapa Nairobi siku ya Jumamosi, naamini wasingebadilisha hata neno moja la methali hiyo. Wangeyaona makasha yamepangwa hadi darini, mengine yana moto unaowaka, mengine yana umeme wa radi, mengine yana simba mwenye macho mekundu. Ndani ya kasha lenye simba kuna nini? Kuna kipanya cha kompyuta. Na ndani ya lile la moto? Kuna chaja.

Jumapili ya leo ningependa tuzungumze juu ya urembo huu. Tusiuzungumze kama watu wa sanaa wanaobishana rangi ipi inapendeza, bali kama wazazi wanaotoa pesa mfukoni. Nataka tujiulize swali moja tu: ni nani anayelipia mapambo haya yote, yale ya nje ya kasha na yale yaliyopachikwa ndani ya mashine yenyewe?

Chukua mfano wa mama mmoja anayeishi Silanga, kile kijiji cha Kibera kilicho ukingoni mwa Bwawa la Nairobi. Tuseme anauza mboga na samaki, na zamu yake ya kupokea pesa za chama imefika. Binti yake amejiunga na chuo na anahitaji laptopu. Mama huyu anapanda matatu hadi mjini, anaingia dukani, na kijana muuzaji anamkaribisha kwa heshima zote.

"Mama, hii ndiyo imefika juzi. Hebu ona kasha lenyewe!"

"Kijana wangu, mimi mambo haya siyajui. Wewe niambie tu iliyo nzuri."

Hapo ndipo kasha linapofanya kazi yake. Mnunuzi asiyejua kilicho ndani hana budi kuhukumu kwa kilicho nje. Hilo si kosa lake. Tukienda sokoni tunabonyeza parachichi, tunanusa samaki, tunapuliza mchele. Kompyuta haibonyezwi wala hainuswi. Inabaki picha na maneno ya sifa yaliyochapishwa juu ya kasha, na waliolichora wanafahamu hivyo barabara.

Ujanja huu haukuanzia kwetu. Kuna kifaa kinachotiwa ndani ya kompyuta ili iweze kuonyesha michezo na picha zinazokwenda kasi, nacho huitwa kadi ya michoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makasha ya kadi hizo yalijaa mazimwi, maroboti yenye bunduki, na wanawake mashujaa waliovalia nguo zisizotosha kujifunika, sembuse kupigana vita. Mtu angeweza kudhani ananunua kanda ya sinema. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kampuni nyingi zilinunua kipande kilekile cha msingi kutoka kwa watengenezaji wawili watatu tu, wakakiunda kwa namna zinazofanana, kisha wakakipeleka sokoni. Kwa kuwa bidhaa zilikuwa karibu sawa, tofauti pekee iliyobaki ilikuwa kasha. Aliye na zimwi kubwa zaidi ndiye aliyeonekana kwa mbali.

Hata wakubwa wenyewe wamewahi kujicheka. Mnamo 2006, wafanyakazi wa kampuni ya Microsoft walitengeneza filamu fupi ya mzaha. Ndani yake walichukua kasha jeupe, lisilo na makeke, la chombo cha muziki cha iPod cha kampuni ya Apple, wakaonyesha lingekuwaje kama lingetoka kwao. Kidogo kidogo wakaongeza maneno, alama, vibandiko, orodha za sifa na onyo juu ya onyo, hadi lile kasha likawa limejaa kama ukuta wa kituo cha matatu wakati wa uchaguzi. Filamu hiyo ilipoenea, kampuni ilikiri kwamba ni watu wake walioitengeneza. Walijua kosa lao, ila mazoea yana taabu.

Na vile vibandiko vinavyokaa chini ya kibao cha herufi cha laptopu mpya, umewahi kujiuliza vinatoka wapi? Kibandiko kilichojulikana kuliko vyote ni cha Intel. Kuanzia 1991, kampuni hiyo, ambayo hutengeneza ule ubongo wa kompyuta, ilianzisha mpango wa kuwarudishia waundaji wa kompyuta sehemu ya gharama zao za matangazo, mradi waonyeshe alama yake. Kwa hivyo kile kibandiko hakikuwekwa pale ili kukueleza wewe jambo la kukufaa. Kilikuwa tangazo, na tangazo lililipiwa. Wewe umenunua mashine kwa pesa zako na ukapewa ubao wa matangazo wa mtu mwingine uubebe bure.

Vibandiko, mpenzi msomaji, unaweza kuvibandua kwa ukucha. Taabu kubwa zaidi ni vile vibandiko usivyoweza kuvishika. Hapa nazungumzia programu zinazopakiwa ndani ya kompyuta au simu kabla hujainunua.

Binti wa Silanga anafika nyumbani na laptopu yake. Anaiwasha. Kabla hajaandika hata jina lake, dirisha linafunguka kumwambia kwamba mashine iko hatarini, alipe programu ya kuzuia virusi. Anafunga dirisha hilo, la pili linafunguka: jisajili upate hifadhi ya ziada. La tatu linamkaribisha katika mchezo wa karata. Programu ya kuandikia barua aliyoambiwa dukani kwamba imo ndani, kweli imo, lakini ni ya kuonja kwa muda mfupi tu. Baada ya mwezi mmoja hivi itamtaka alipe ada. Ni kama kununua sufuria, ukafika nyumbani ukakuta mfuniko wake umekodishwa.

Kwa nini kampuni hufanya hivi? Ushindani wa bei umewabana sana waundaji wa kompyuta na simu za bei nafuu, na faida yao juu ya kila mashine ni ndogo. Wenye programu nao wanatafuta wateja. Basi hukubaliana: mwenye programu humlipa mwenye mashine, na programu hupachikwa kiwandani. Kwa njia hiyo muundaji hupata pesa mara mbili, kwanza kutoka kwako, kisha kutoka kwa yule anayekutaka wewe.

Ushahidi wa jambo hili ulijitokeza wazi Machi 2008. Kampuni ya Sony ilitangaza kwamba mnunuzi wa baadhi ya laptopu zake za Vaio angeweza kuipata mashine ikiwa safi, bila yale makorokoro, lakini kwa kulipa dola 50 zaidi. Hebu fikiri: unatozwa ili usiwekewe usichokitaka! Wateja walipiga kelele, na kampuni ikaifuta ada hiyo upesi. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba makorokoro yale yana bei, na kwamba kuna anayeilipa.

Wakati mwingine madhara huwa makubwa kuliko kero. Kuanzia 2014 kampuni ya Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu iliyoitwa Superfish. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo ndani ya kurasa za intaneti alizofungua mwenye mashine. Ili ifaulu, ilijipa mamlaka ya kusimama katikati ya mtu na kurasa zake, hata zile zilizofungwa kwa ufunguo wa siri kama za benki. Baya zaidi ni kwamba ufunguo uliotumika ulikuwa uleule katika mashine zote. Mwizi aliyeupata mmoja angeweza kujifanya benki mbele ya wote. Siri hiyo ilifichuka mapema 2015, na mnamo 2017 kampuni ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya serikali ya Marekani pamoja na majimbo 32, na ikakubali kulipa dola milioni 3.5.

Huenda ukasema hayo ni ya laptopu, nasi wengi huku Kibera na Kawangware intaneti yetu iko kwenye simu. Basi tuje kwenye simu. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitoa ripoti kuhusu simu aina ya Tecno W2, simu ya bei ya chini iliyouzwa katika nchi kadhaa za Afrika. Ilieleza kwamba baadhi yake zilikutwa na programu mbaya, zilizoitwa Triada na xHelper, tangu zilipotoka dukani. Programu hizo zilijaribu kumsajili mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Nchi zilizotajwa sana zilikuwa Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana. Kampuni yenye simu ilieleza kwamba lawama ni za muuzaji mmoja katika mlolongo wa ugavi, na kwamba dawa ya tatizo ilikuwa imekwisha kutolewa. Sawa. Lakini yule aliyeona salio lake likiyeyuka, nani alimrudishia?

Mapema mwaka huohuo wa 2020, shirika la kutetea faragha la Privacy International pamoja na mashirika mengine zaidi ya 50 yaliiandikia Google barua ya wazi. Yalilalamika kwamba simu za Android huuzwa zikiwa na programu ambazo mwenye simu hawezi kuziondoa, nyingine zikiwa na ruhusa ya kugusa mambo yake bila kumwuliza. Hoja yao iliyonigusa ilikuwa hii: faragha isiwe anasa ya wale tu wanaoweza kununua simu ghali.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Makorokoro haya hayawaumizi watu wote kwa kiasi kimoja. Mwenye simu ya laki moja ana nafasi kubwa ya kuhifadhi na intaneti isiyokatika nyumbani. Programu kumi za ziada kwake ni kama nzi kumi katika ukumbi mpana. Mwenye simu yenye GB 16, ambaye mfumo wenyewe umekwisha kula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, anafuta picha za mtoto wake ili apate nafasi, ilhali michezo asiyoicheza inabaki. Mwenye kununua bando la siku moja huona data yake ikinyonywa na programu zinazojisasisha gizani. Tena anaambiwa simu imekuwa nzito, anunue nyingine. Kumbe aliyeiuza rahisi amempimia kwa kipimo cha pili baada ya kufika nyumbani.

Sitatenda haki nikiwalaumu wa ng'ambo tu. Hata sisi hapa tuna mapambo yetu. Laptopu nyingi zinazonunuliwa Nairobi ni zile zilizotumika ng'ambo, zinazojulikana kama Ex-UK, nazo mara nyingi hazina kasha la maana. Hii yaweza kuwa heri, kwani mashine ya ofisi iliyofutwa vizuri huja bila makorokoro. Lakini fundi akitaka kumfurahisha mteja, huijaza: Windows iliyovunjwa kufuli, programu za kuchezea muziki kama DJ, sinema mia mbili, na picha ya gari la kifahari kwenye kioo. "Mama, nimekuwekea kila kitu bure." Mama anashukuru. Ila vile vyombo vya kuvunjia kufuli za programu mara nyingi hudai kwanza uzime kinga ya virusi, kama mgeni anayekuomba umfunge mbwa wako kabla hajaingia. Ukikubali, usishangae kitakachopotea.

Halafu kuna flashi na kadi za kumbukumbu. Karatasi yake ina rangi za upinde wa mvua na tarakimu kubwa: GB 512! Bei yake ni ya sahani ya chipsi. Ujanja wake ni kwamba ndani mna kipande kidogo, pengine cha GB 8, kilichofundishwa kudanganya. Kompyuta ikikiuliza ukubwa wake, kinajibu 512. Unaendelea kuweka faili, zinapokelewa bila kelele. Nafasi halisi ikiisha, faili mpya huandikwa juu ya zile za zamani au hupotea kabisa. Mwanafunzi huja kugundua siku ya kuwasilisha kazi yake ya mwisho wa mwaka. Majina yapo yote, lakini kila faili akiifungua ni tupu.

Wakenya tuna historia ndefu na makasha ya uongo. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu ghushi zizimwe, na simu karibu milioni 1.9 zikakatwa mawasiliano. Nyingi kati ya simu ghushi ziliuzwa kwenye makasha yaliyofanana na ya kampuni zenye sifa, huku jina likibadilishwa herufi moja tu. Hasara ya usiku ule ilimwangukia aliyenunua.

Najua kuna watakaoniuliza: kwani ubaya wa urembo ni nini? Mtu wa kipato kidogo hana haki ya kupenda vya kung'aa? Ana haki tena kubwa. Sisi ndio wenye matatu yaliyochorwa kutoka paa hadi magurudumu, na ndio wenye kanga zenye maneno ya kumwambia jirani tusiyothubutu kutamka. Lakini tazama tofauti. Matatu inakuvutia kwa picha na muziki, ukilipa nauli inakufikisha Kibera, basi. Haikutozi tena ulipokaa. Na ukinunua kanga, ule urembo ndio bidhaa yenyewe umeibeba. Urembo ninaoulalamikia ni ule unaoficha kipimo, na ule unaoendelea kula mfukoni baada ya malipo.

Isitoshe, kasha lenyewe lina mwisho wake. Katika nyumba ya futi kumi kwa kumi, kasha kubwa litawekwa wapi? Wengi huligeuza sanduku la nguo, nalo ni wazo zuri. Wengine hulitupa nje siku ileile, na hapo hulitangazia jirani mwema na jirani mwizi kwamba nyumba hii ina kompyuta mpya. Vipande vyeupe vya povu vya kuzuia mashine isigongwe, na zile karatasi za plastiki zilizofunika kila waya, huishia mtaroni. Kutoka mitaro ya Kibera ni njia moja hadi Bwawa la Nairobi, lililokwisha kujaa taka na magugumaji. Watu wa Silanga hawahitaji kuelezwa, kwani wanaliona kila siku. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji jukumu la kushughulikia taka za bidhaa zao. Ni sheria njema, na ingekuwa njema zaidi kama kasha lingekuwa dogo tangu mwanzo.

Basi tufanyeje? Nisije nikakuacha na malalamiko matupu.

Kwanza, ukiwa dukani geuza kasha. Usitazame upande wenye simba na radi. Tazama ubavuni au chini, penye kile kikaratasi kidogo cheusi na cheupe kisichopendeza. Hapo ndipo penye ukweli: namba ya aina ya mashine, namba yake ya pekee, kiasi cha kumbukumbu na nafasi ya kuhifadhi. Kwa simu, bonyeza *#06# na utaona namba ya IMEI kwenye kioo. Ilinganishe na ile iliyo kwenye kasha. Zikitofautiana, rudisha simu mezani, aga kwa adabu, ondoka.

Pili, omba mashine iwashwe mbele yako, kisha uulize maswali mawili kwa sauti: "Programu ya kuandikia ni yangu kabisa au ni ya kuonja?" na "Windows hii ina leseni?" Muuzaji mwaminifu atakujibu bila kukunja uso. Jibu liandikwe kwenye risiti, kwa maana neno la mdomoni halina mhuri.

Tatu, usikubali kutishwa na yale madirisha ya virusi. Tangu Windows 8 ilipotoka mnamo 2012, mfumo huo huja na kinga yake yenyewe ya virusi, na hailipiwi. Ile ya kuonja ikiisha muda wake, iondoe, na kinga ya Windows itashika zamu. Kwa kuandika barua na hesabu, kuna LibreOffice ambayo ni ya bure na halali. Chukua bando kubwa siku moja, au nenda penye intaneti ya kulipia kwa saa, uipakue mara moja.

Nne, fagia. Kwenye laptopu ingia katika mipangilio, fungua orodha ya programu, ondoa usiyoitambua baada ya kuuliza kazi yake. Kwenye simu, programu isiyoondoka mara nyingi hukubali kuzimwa, na ikizimwa haili data tena. Zima pia ruhusa ya programu kujisasisha kwa kutumia bando. Kama laptopu ina leseni halali ya Windows kutoka kiwandani, kwa kawaida leseni hiyo imeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Kwa hivyo fundi anaweza kufuta yote na kuweka Windows safi kutoka Microsoft bila ya wewe kununua tena. Mwambie akuwekee mfumo mtupu na utaongeza mwenyewe utakacho. Atashangaa kidogo, kisha atazoea.

Tano, flashi ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi yote kisha husoma kila kilichoandikwa. Hutumia muda, lakini haidanganyiki. Na usiogope ukiona flashi ya GB 32 inasoma 29 na ushei katika Windows. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu, si wizi. Wizi ni pale 512 inapogeuka kuwa 8.

Sita, tunza risiti na kile kikaratasi cha namba hata kama kasha umeligawa. Dhamana haitolewi kwa picha ya simba. Na ukitupa kasha, likunje, lichane, ulifiche ndani ya taka nyingine.

Hatimaye tukumbuke kwamba hatuombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo kikamilifu. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mimi naona ingekuwa jambo dogo sana kuwataka waagizaji waandike kwenye kasha, kwa herufi zinazosomeka, mambo matatu: nafasi ambayo mnunuzi atabaki nayo baada ya mfumo na programu za kiwandani, programu zipi ni za kuonja, na zipi haziwezi kuondolewa. Pakiti ya unga inatuambia uzito wake na siku ya kuharibika. Kwa nini simu isituambie?

Na wenye vyama vya akina mama, wenye shule ndogo, wenye vibanda vya intaneti, mna nguvu ambayo mnunuzi mmoja hana. Chama kinachonunua laptopu kumi kwa mpigo kinaweza kudai zije safi, na muuzaji atasikia.

Mpenzi msomaji, kama kuna kijana wa jirani anayeelewa mambo haya, mpeleke dukani pamoja nawe, na umlipie nauli na chai. Gharama hiyo ni ndogo kuliko majuto. Binti wa Silanga anachohitaji ni mashine inayowaka, yenye nafasi ya kuweka kazi yake, isiyomwomba pesa kila asubuhi. Zimwi la kwenye kasha halitamfanyia mtihani.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.